Magunia Mabichi

Enid Pobjoy hakuwahi kumaliza kikombe cha chai. Sisi wa Elmscote tunaomjua tangu ujana wake tutakuambia hilo kabla hatujakuambia jambo lingine lolote. Alipiga mafunda mawili, akatupa jicho dirishani, akakumbuka kitu, akaondoka, na kikombe kikabaki juu ya ukuta wa mtu au ukingoni mwa kaburi kikijaa maji ya mvua. Kanisani alikaa mwisho wa benchi, karibu na njia, ili mahubiri yakirefuka atoke kwenda kuchungulia birika. Na kwake yeye mahubiri yalirefuka mapema sana.

Alizaliwa nyumbani kwa mwoka mikate, mwaka wa arobaini na moja, na labda ndiko alikoutoa ugonjwa wake, maana oveni haimbembelezi mtu. Jemu yake haikuwahi kuganda kwa sababu kila mara aliiepua kabla ya wakati. Kwenye tamasha la kijiji tuliinunua kwa heshima tu, tukaimimina juu ya mkate kama mchuzi. Binti yake Gillian alizaliwa wiki tatu kabla ya siku zake, ndani ya gari la mikate, na Enid hakuona ajabu yoyote. "Afadhali," alisema. "Ningefanya nini wiki tatu nzima?"

Mwanamke wa namna hiyo akaolewa na Wilf Pobjoy. Mungu naye ana utani wake.

Wilf alikuwa mwashi, mtoto wa mwashi. Alijenga zile kuta zetu za mawe matupu, jiwe juu ya jiwe bila kitu cha kuyashikisha, na alikuwa na desturi moja: jiwe akishaliokota halirudishi chini. Aliligeuza mkononi, akautazama ukuta, akaligeuza tena, hata robo saa, mpaka lipate mahali pake. Enid ndiye aliyemchumbia, kwa miaka minne. Ndoa yao ilipotangazwa kanisani Jumapili tatu mfululizo, kama ilivyo desturi, kuuliza kama yupo mwenye pingamizi, Enid alinong'ona Jumapili ya pili kwa sauti iliyofika madhabahuni: "Kama yupo si angekuwa ameshasema?"

Makaburi ninayotaka kukusimulia unayaona ukiingia tu langoni mwa kanisa. Ni matano, yamejipanga kando ya njia hadi mlango wa kanisa. Ni ya wafanyabiashara wa sufu wa zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, watu waliotajirika kwa migongo ya kondoo na wakataka tujue. Yamejengwa kama masanduku ya mawe yanayomfika mtu kiunoni, na juu yamechongwa mviringo kama marobota ya sufu. Ubavuni kulikuwa na mashada ya matunda, riboni, mafuvu yanayocheka, na majina. Jiwe ni hili letu la manjano, laini, ambalo jua la jioni likilipiga unasahau kwamba humo ndani mna maiti.

La mwisho, chini ya mti mweusi, ni la Josias Keyt. Upande wake wa nyuma, unaotazama ukuta, kuna malaika ambaye shavu lake moja limevimba. Mchongaji alipitiwa, au alikuwa na haraka ya kwenda kula. Wilf alimwita Mgonjwa wa Jino, kama baba yake alivyomwita, na kila alipopita hapo alizunguka nyuma kumjulia hali. "Bado linauma?" alimuuliza. Enid wakati huo alikuwa ameshafika barazani pa kanisa, akimwita aharakishe.

Sasa njoo mwaka wa sabini na nane. Wilaya yetu ilikuwa na mashindano ya kijiji nadhifu kuliko vyote, na usicheke, kwa maana watu wamenuniana maisha kwa ajili ya kile kikombe cha ushindi. Mwaka uliotangulia tulishindwa na Stowick kwa alama mbili. Stowick, ambao hata bata wao wachafu! Kwenye karatasi mwamuzi alikuwa ameandika kwamba makaburi ya Elmscote yamechakaa. Kweli yalikuwa na nyufa, na pembe mbili tatu zilikuwa zimeanza kumeguka. Enid, ambaye ndiye aliyekuwa katibu wa kamati, aliyachukua maneno yale kama tusi la ana kwa ana. Wilf akapewa kazi ya kuyatengeneza.

Siku kumi na mbili kabla ya waamuzi kuja, kamati ilikutana jikoni kwa Enid. Wilf aliingia kuchukua sandwichi yake.

"Haya, Wilf," Enid akamdaka. "Makaburi yatakuwa tayari lini?"

"Chokaa nimeshaizima kwa maji. Sasa inapumzika."

"Inapumzika! Imefanya kazi gani mpaka ipumzike?"

Kamati ikacheka. Wilf naye akatabasamu kidogo, kwa kuwa hakuwa mtu wa kukasirika.

"Ikishapumzika naiweka tabaka kwa tabaka, nyembamba. Halafu nafunika magunia mabichi. Nayalowesha asubuhi, mchana na jioni ili isikauke kwa pupa. Mpaka Agosti hivi."

"Mume wangu, waamuzi wanakuja baada ya siku kumi na mbili. Unataka wayakute makaburi yamevishwa magunia kama viazi?"

"Ndivyo jiwe linavyotaka."

"Weka saruji. Dunia nzima inaweka saruji! Tena fanya upande unaoonekana njiani tu. Waamuzi hawazunguki nyuma."

Wilf alikuwa ameishika kofia yake, akawa anaigeuza mkononi kama anavyogeuza mawe. "Saruji ni ngumu kuliko jiwe letu, Enid. Inafungia maji ndani. Barafu ikija, saruji haitapasuka, litapasuka jiwe. Itaua hayo makaburi."

"Basi yafe tukishashinda!"

Jikoni kukalipuka kicheko mpaka vikombe vikagongana. Wilf hakucheka. Aliichukua sandwichi yake akatoka, akafunga mlango taratibu kama kawaida yake.

Kwa siku nane alipaka saruji, akaitia rangi ya manjano ifanane na jiwe. Waamuzi walikuja na miavuli yao na madaftari yao, wakatupa alama kumi na tisa kati ya ishirini kwa uwanja wa kanisa peke yake. Kikombe kikaja Elmscote. Siku ya kupiga picha Wilf hakuwepo, alisema ana ukuta wa kumalizia huko Stowick. Kibao cha ushindi kimesimama mpaka leo penye majani katikati ya kijiji, na jina la katibu liko chini yake.

Majira yale ya joto Wilf alianza mtindo wa kutoka kila baada ya chakula cha jioni. "Naenda baa," alisema. Asubuhi pia alitoka mapema kuliko kawaida. Enid alimsema sana. Alimwita mlevi mbele ya Gillian. Juu ya hayo magunia yake ya viazi yalipotea bandani, magunia manne aliyoyashona mwenyewe kwa uzi wa buluu, akamshuku jirani wa kushoto, na wawili hao hawakusemezana mpaka Krismasi. Ilipofika Agosti Wilf akaacha kwenda baa, ghafla kama alivyoanza, na Enid akahesabu kwamba amemshinda.

Miaka minane baadaye, baada ya baridi kali ya Januari, shada moja la matunda lilianguka zima zima kutoka ubavuni mwa kaburi la kwanza. Nyuma yake jiwe lilikuwa limegeuka unga. Kisha zikaanguka riboni, kisha mafuvu, kisha majina. Saruji ilibaki imesimama vile vile, ngumu, safi, bila kosa. Kila barafu ilipoyeyuka Wilf alikwenda kuokota vipande kwenye majani, akavitia mfukoni akarudi navyo nyumbani. Hakusema "nilikuambia". Angesema, Enid angemjibu, wangegombana, na yangekwisha. Miaka thelathini hakusema, na miaka thelathini Enid alingoja aseme. Kisha Wilf akafa, mwaka wa elfu mbili na tisa, usingizini, bila haraka.

Miaka kumi baada ya hapo, mwezi wa Aprili, alikuja mtaalamu wa mawe ya kale aliyeitwa Tamsin Rudge, msichana wa miaka thelathini na kitu, mwenye buti za matope na nyundo ndogo mfukoni. Aliyemleta ni mzee wa kanisa, Bwana Aubrey Lysons, mwanasheria mstaafu kutoka London. Anakaa nasi mwaka wa kumi na moja huu, kwa hiyo bado ni mgeni. Enid alikuwa amewapelekea chai. Tamsin aligonga kaburi la pili kwa kidole, likatoa mlio wa debe tupu.

"Nani alifanya hivi?" aliuliza.

"Fundi mmoja wa hapa hapa, nasikia, miaka ya sabini," alisema Bwana Lysons. "Mbumbumbu fulani."

"Sijui kama ni mbumbumbu. Ila ameyaua."

Enid aliweka sinia juu ya majani, akarudi nyumbani, akasugua oveni aliyoisugua jana yake.

Kwa wiki tatu hakukaa. Hata sisi tuliozoea miguu yake tuliona kwamba hii sasa ni homa nyingine. Alikwenda kwa mchungaji kusema, akaishia kuzungumzia zamu za maua. Alikwenda kwenye kaburi la Wilf, kule chini kwenye sehemu mpya, akang'oa magugu ambayo hayakuwepo. Alimpigia Gillian simu, akakata kabla haijapokelewa. Jambo lenyewe lilikuwa moja tu. Bwana Lysons alitaka kuweka bango langoni, lenye historia ya makaburi na nani aliyeyaharibu. Enid akinyamaza, Wilf ataitwa mbumbumbu langoni mwa kanisa alimobatizwa. Akisema, basi yeye mwenyewe, Enid wa kikombe, Enid wa birika, aliyeutumikia uwanja ule miaka hamsini, ndiye atakayejulikana kuwa ndiye aliyeyaua. Aliogopa. Alikuwa na miaka sabini na minane na aliogopa kama mtoto aliyevunja chungu.

Mkutano ulifanyika ukumbini mwa kijiji, Jumamosi mchana, na keki ya limau. Bwana Lysons alivaa miwani, akasoma rasimu yake.

"'Mwaka 1978 makaburi haya yaliharibiwa vibaya na fundi wa kijiji asiyekuwa na ujuzi wa—'"

Enid akasimama. Watu wakasogeza magoti wampishe, wakidhani anakwenda kwenye birika.

"Bwana Lysons, futa hiyo."

"Bi Pobjoy, hii ni rasimu tu. Mwishoni kutakuwa na nafasi ya maoni."

"Mwishoni sitakuwepo, nitakuwa nimeshakimbia. Futa! Huyo fundi ni Wilf wangu. Na ujuzi alikuwa nao, alikuwa nao kuliko sisi wote humu. Alitaka chokaa. Alitaka magunia mabichi na muda mpaka Agosti. Mimi nilitaka kikombe. Akaniambia saruji itayaua makaburi, nami nikamwambia..." Hapo alitupa jicho mlangoni, akabaki amesimama. "Nikamwambia yafe tukishashinda. Kama mnataka jina pale langoni andikeni langu. Na mliandike kwa herufi kubwa, maana miwani yangu nimeisahau nyumbani."

Hakuna aliyecheka. Bwana Lysons alivua miwani yake akawa anaifuta. Kisha kutoka viti vya nyuma ikasikika sauti ya Percy Organ, mwenye miaka themanini na minne, aliyekuwa kwenye kamati ile.

"Na mimi nilicheka, Enid. Siku ile jikoni. Nilicheka sana."

Enid alikaa. Alikuwa amejiandalia kila kitu isipokuwa hilo, na ndilo lililomtoa machozi.

Kesho yake baada ya ibada Tamsin alikuwa akimngoja chini ya mti mweusi. Alimshika mkono akamzungusha nyuma ya kaburi la Josias Keyt, alipo yule malaika mwenye shavu.

"Bi Pobjoy, hapa nani alitengeneza?"

"Wilf. Yote matano alitengeneza Wilf, si nilishasema jana mbele ya watu?"

"Gusa hapa, chini ya bawa. Na hapa shingoni. Hii si saruji."

Enid akagusa. Lilikuwa laini na lenye uvuguvugu kidogo, sawa na jiwe lenyewe.

"Hii ni chokaa," Tamsin akasema. "Nimehesabu tabaka saba, nyembamba kama karatasi. Upande huu ndio unaopigwa na mvua kuliko pande zote. Ulipaswa kuwa wa kwanza kuanguka, nami tangu Aprili najiuliza kwa nini haukuanguka. Jana ulipotaja magunia ndipo nikaelewa. Mtu alikaa na huyu malaika majira yote ya joto, akimlowesha asubuhi na jioni. Sasa tazama hapa."

Alielekeza ncha ya kalamu kwenye ufa chini ya kidevu. Ndani ya chokaa ulikuwa umenasa uzi, mfupi kama ukope. Wa buluu.

"Magunia yangu," alisema Enid.

Akakaa chini, pale pale kwenye nyasi mbichi, na nguo zake za kanisani. Waamuzi hawazunguki nyuma. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia. Wilf alimtii mkewe neno kwa neno: mbele, panapoonekana, alifanya alivyotaka Enid, na nyuma, pasipotazamwa na mtu, alifanya lilivyotaka jiwe. Hakulewa hata siku moja. Enid alijiona mjinga, akajiona amependwa, na akaona hasira vile vile, kwa sababu angeweza kuambiwa, mwanamume yule angeweza kufungua mdomo hata mara moja.

"Nilimwita mlevi," alisema. "Mbele ya mtoto."

Tamsin akakaa naye kwenye nyasi.

Kilichoanguka kimeanguka, hakirudi. Lakini makaburi yote matano, Tamsin alisema, saruji ikibanduliwa kwa tindo taratibu na kujazwa chokaa, yatashika miaka mingine mia. Ila apatikane mtu wa kulowesha magunia mara tatu kwa siku, wiki sita, bila kukosa hata siku moja. Bwana Lysons akaanza kupanga zamu kwenye karatasi.

"Weka kando karatasi yako," alisema Enid. "Mimi."

"Wewe?" Percy Organ akashtuka. "Enid, wewe huwezi kungoja yai lichemke."

"Nakula bichi. Maji yako wapi?"

Tangu katikati ya Juni ukipita langoni ungemkuta ameketi juu ya sanduku la zana la Wilf, keni ya kumwagilia miguuni. Nisikudanganye kwamba alitulia. Wiki ya kwanza aling'oa magugu ya uwanja mzima, akasugua lango, akaanza kumfundisha mchungaji namna ya kupanga vitabu vya nyimbo. Goti lake lilicheza muda wote. Mara mbili Tamsin alimkuta ameinua pembe ya gunia kuchungulia, akamkemea kama mtoto. Lakini hakuondoka. Jua likizidi alilowesha mara nne. Siku ya mvua ya mawe alisimama juu ya kaburi la tatu na mwavuli, akiitukana mbingu kwa maneno ambayo mchungaji alijifanya hayasikii. Alijifunza kukaa bila kutulia, jambo ambalo ni gumu kuliko utulivu wenyewe.

Bwana Lysons alimletea rasimu mpya ya bango. Ilisema makaburi yaliharibiwa na saruji, "kwa haraka ya kamati".

"Ya katibu," Enid alimsahihisha, akarudi kwenye keni yake. Mgeni wetu akaandika.

Wiki sita zilipotimia Tamsin alikuja na nyundo yake ndogo. Aligonga kaburi la kwanza, la pili, la tatu, la nne, la tano. Mlio ulikuwa mzito, wa kitu kilichoshikana.

"Imeshika yote," alisema. "Hongera, Bi Pobjoy. Sasa unaweza kuyatoa."

Enid aliyatoa magunia ya kaburi la kwanza akayakunja vizuri. Akatoa ya pili, ya tatu, na ya nne. Kwenye la tano alisimama, akachukua keni, akaanza kulilowesha gunia kutoka pembeni, polepole, kila uzi.

"Hilo nalo limekauka vizuri," Tamsin alisema. "Hakuna sababu ya kungoja, kweli nakuambia."

"Liache mpaka kesho, mwanangu," alisema Enid. "Wilf alisema Agosti, na leo ni tarehe thelathini na moja Julai."